Wenye viwanja Kimbiji, njooni mfyeke majani yenu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakazi wenzangu wa jiji hili walionunua viwanja Kimbiji, Pemba Mnazi, Chanika na kwingineko pembezoni, wakasimika mawe ya mipaka, wakaondoka na hawajaonekana tena.

Mimi ni fundi seremala, kazi yangu iko Keko. Mama yangu anaishi Kimbiji, kwenye nyumba ya tofali na bati aliyoijenga marehemu baba. Agosti mwaka jana, saa saba mchana, kusi ikivuma kwelikweli, kibarua aliyepewa kazi ya kusafisha kiwanja cha pili kutoka kwetu alikusanya majani akayatia kiberiti. Moto ukamshinda. Ukaingia kiwanja cha katikati, ambacho mwenyewe hatumjui, majani yakiwa yamesimama kufika kifuani mwa mtu mzima, kisha ukaja kwetu. Jiko la makuti liliteketea kabla mama hajatoa hata sufuria. Kuku 11 walifia bandani. Nyumba ilipona kwa sababu majirani walikuja mbio na matawi mabichi na ndoo za mchanga. Mungu awalipe.

Nilifika jioni, nikazunguka kuangalia. Moto wa majani ulikuwa umekoma hatua chache kabla ya jiko, pale mama anapofagia kila asubuhi. Jiko lilishika kwa cheche zilizobebwa na upepo. Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, ukuta ulikuwa mweusi: cheche nyingine zilikuwa zimeangukia kuni na makumbi ya nazi tuliyoyaegemeza hapo miaka yote. Fremu ya mninga niliyoiranda kwa mikono yangu imeungua upande mmoja. Kidogo tu, ule moto ungeingia darini.

Kwetu karakanani kijana anayeanza kazi huambiwa mapema achunge maranda. Gogo ukiliwekea njiti ya kiberiti halishtuki. Maranda yanalipuka, na yakishawaka ndipo mbao zinapofuata. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka 20, nikafagia maranda Keko kila jioni, na nyumbani kwa mama nikayaacha ukutani.

Mwanangu alinisomea habari za mtafiti wa Marekani, Jack Cohen, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi nyumba zinavyoungua katika moto wa pori. Kwa maelezo yake, nyumba nyingi hushikwa na cheche, au na moto mdogo unaotambaa hadi ukutani, na kinachoamua ni hali ya nyumba yenyewe pamoja na eneo la kama mita 30 kuizunguka. Wamarekani husisitiza zaidi ile mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani: pasiwe na kitu cha kuwaka kabisa.

Basi tumefanya hivyo. Kuni na makumbi vimehamia mbali, kwenye kibanda cha bati. Kuzunguka ukuta ni mchanga mtupu na kokoto. Mikorosho miwili nimeipogoa matawi ya chini, maana mkorosho hulaza matawi mpaka ardhini, na majani yake makavu yakiwaka pale chini moto unapanda kama mtu kwenye ngazi. Makuti yanayoning'inia kwenye minazi yameangushwa. Majani yaliyofyekwa tunayabeba kupeleka kwenye migomba, mbali na nyumba. Ukiyaacha yalipolala yakauke, umemwandalia moto kitanda. Jiko jipya nimeliezeka bati. Mama analalamikia joto, na ana haki, ila makuti sitarudisha.

Lakini kiwanja chetu ni cha 20 kwa 20, kama vingi vya huku. Toa nyumba, toa choo na jiko, inabaki mita ngapi? Hizo mita 30 nyingi ziko kwa jirani, na jirani huyo hayupo.

Agosti 2023 mji wa Lahaina, kule Hawaii, uliungua na watu wapatao 100 wakafa. Mashamba ya zamani ya miwa kuuzunguka mji ule yalikuwa yametelekezwa na kuachiwa majani marefu, mengine asili yake ni huku kwetu Afrika. Niliposikia hivyo nilikumbuka kile kiwanja cha katikati.

Namba 114 ya Zimamoto tutaipiga, lakini gari lina safari ndefu na njia zetu ni za mchanga. Moto wa majani kwenye upepo wa kusi haumsubiri mtu.

Ninachoomba ni hiki. Mvua za masika zimekatika na majani bado yana ubichi. Mwenye kiwanja aje sasa afyeke, au amtumie mtu pesa amfyekee. Asichome. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa majani na pori, na kibarua anayelipwa kwa kiwanja mwenye mali amwambie hivyo kabla hajampa panga. Ofisi zetu za mitaa nazo ziwe na daftari la namba za simu za wenye viwanja vitupu. Mimi nimemtafuta mwenye kile cha katikati tangu Septemba, nimeuliza hadi kwa dalali, sijampata. Kama anasoma gazeti hili: jiwe lako la mpaka wa kaskazini liko chini ya mkorosho wa mama yangu, na majani yako yamerudi kufika kiunoni.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam