Barua kwa wanangu mlio kwenye ndoa

Wanangu, waume kwa wake, nawasalimu kwa upendo.

Kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa nimezoea kumsikia mume akisema: "Mimi kila kitu namwachia yeye." Ukidadisi kidogo, alichoachiwa mke ni hela ya matumizi ya leo: sabuni, nauli, daftari la mtoto. Mshahara wa mumewe haujui. Mkopo anausikia siku wadai wanapobisha hodi. Kiwanja anapelekwa kuonyeshwa kikiwa kimeshalipiwa. Huyo katumwa dukani tu, hajaachiwa kitu.

Pesa inaingia mkononi mwa nani? Hilo lina uzito. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto, ambayo mara nyingi iliingia kwenye mshahara wa baba, iliondolewa, na badala yake mama akawa analipwa posho ya watoto. Watafiti walipopitia matumizi ya familia waliona nguo za wanawake na watoto zikinunuliwa zaidi, ukilinganisha na za wanaume. Afrika Kusini nako, mwanauchumi Esther Duflo alichunguza pensheni za wazee. Bibi alipokuwa ndiye mpokeaji, wajukuu wa kike aliokaa nao walikuwa na lishe bora. Alipopokea babu, tofauti hiyo haikuonekana. Sisemi akina baba hawawapendi watoto. Nasema nyumba ile ile hutumia vingine pesa ikipitia mkono mwingine.

Ninyi wake, kuwa na kipato pekee hakutoshi. Wapo wanaofanya kazi mwezi mzima, kisha kadi ya benki anakaa nayo mwenzao. Uwe na akaunti kwa jina lako, na usitie saini karatasi ya mkopo usiyoisoma.

Ninyi waume, najua wengine mnaogopa mke mwenye akiba atakuwa jeuri. Lakini anayekubali kwa kuwa hana pa kwenda hajakubaliana nawe. Amenyamaza tu, na akiba yake ataificha. Mwenye pa kusimama ndiye anayeweza kukwambia mapema kwamba biashara unayoitaka itawafilisi.

Mwisho wa mwezi huu, kabla senti haijatoka, kaeni wawili. Tajianeni mishahara, madeni, na mnachowatumia ndugu wa kila upande. Hapo kwa ndugu patauma, msiparuke. Na mke akilikataa jambo, lisifanyike kimyakimya wiki inayofuata.

Ni mimi bibi yenu, ninayewaombea.