Si ulafi, shoga yangu

Tanga, Jumapili jioni

Mpenzi Mama Zuhura,

Habari za Dodoma, na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, mvua imeanza na embe zimeisha sokoni.

Ujumbe wako wa juzi sikutaka kuujibu kwa maneno mawili ya simu. Umesema umepimwa presha ikawa 150 kwa 95, kisha ukamalizia: "Ulafi wangu ndio umeniponza." Neno hilo halijanitoka moyoni. Tumekula sahani moja tangu bweni, sijawahi kukuona mlafi.

Mwaka juzi nami niliambiwa presha imepanda, nipunguze chumvi, nikabisha. Nikamwambia muuguzi kwamba chumvi kwangu ni ya kudonoa tu. Akaniuliza, "Na mchuzi unaukoleza kwa kitu gani?" Niliporudi nyumbani nikaichukua pakiti ya vile vidonge vya mchuzi, nikaimulika kwa tochi ya simu, maana maandishi yake ni madogo kama sisimizi. Kwenye orodha ya viungo, kinachotangulia ndicho kilicho kingi. Cha kwanza kilikuwa chumvi. Na mimi nilikuwa natia vidonge vitatu kwenye sufuria moja ya maharage! Asubuhi soseji, jioni tambi za pakiti na kile kifuko chake cha unga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Mimi nilikuwa naipita bila kugusa kopo la chumvi.

Na kuhusu ulafi, sikiliza. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 20 waliokaa nao mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupika, wale watakavyo. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizoandaliwa zilisawazishwa pande zote mbili. Kwenye vile vya viwandani walikula wastani wa kalori 500 zaidi kila siku, na uzito ukapanda karibu kilo moja. Watu ni walewale, Mama Zuhura. Kilichobadilika ni chakula. Kile laini kinashuka upesi, na unakuta umeshakula kingi kabla tumbo halijasema basi.

Kwa watoto sikuhubiri. Nilichukua chupa ya soda ya mililita 500, mgongoni imeandikwa gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, nikamwambia kitinda mimba wangu apime sukari kikombeni. Alihesabu vijiko 13. Akakitazama kikombe, akaniuliza kama bibi yake mwenye kisukari anajua.

Siku hizi nasaga dona kilo tano tano, kwa sababu kile kiini kinachobaki ndani kina mafuta na unga haukai sana. Mchuzi naukoleza kwa kitunguu saumu, tangawizi, nyanya za kuiva sana na ndimu mwishoni. Wiki mbili za kwanza kila kitu kilikuwa chapwa, nisikufiche. Baadaye ulimi ulizoea, na sasa soseji naiona chumvi tupu.

Lakini usiogope kila pakiti. Maziwa ya pakiti yasiyotiwa sukari hayana ubaya, wala maharage makavu ya mfuko. Na tafadhali sana, dawa ulizoandikiwa usiziache kwa ajili ya mtu wa kwenye video anayeuza maji ya kitunguu saumu. Mimi zangu nameza mpaka leo, presha imeshuka, na daktari ndiye atakayesema nipunguze.

Usiku huu fungua kabati lako, utoe pakiti tatu za mbele, unipigie unisomee kilichoandikwa nyuma. Nitakuwa macho mpaka saa nne.

Wako akupendaye,
Mama Idi