Risala ya Kikundi cha Waraibu Wanaopata Nafuu na Wazazi Wao kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa halmashauri, wahudumu wa afya, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliofika hapa moja kwa moja kutoka dirisha la dozi,

Karibuni. Kikundi chetu ni cha wanaotumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini (unga), na wazazi wao, hapa Dar es Salaam. Kliniki ya kwanza ya dawa hiyo nchini ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala 2012, kisha Temeke 2014. Kijana anafika kila siku, anakunywa dozi mbele ya mhudumu, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inamwacha, anakwenda kutafuta riziki. Hatozwi hata senti. Kwa hilo tunaishukuru Serikali kwa dhati, sisi ambao mtaani tunaitwa mama teja.

Ndugu Mgeni Rasmi, wapo vijana wetu ambao unga uliwakuta tayari wanaumwa akili, na wapo uliowaachia sonona. Mwanangu alikuwa akisikia sauti. Tulipompeleka kwenye uraibu, tukaambiwa atibiwe akili kwanza. Tulipokwenda kwenye akili, tukaambiwa aache unga kwanza. Nilizunguka miezi minne na barua ya rufaa kwenye mkoba, nauli ikitoka kwenye mtaji wa vitumbua. Mwezi wa tano akarudi maskani, kijiweni kwa watumiaji wa unga.

Leo ameketi pale nyuma. Muuguzi mmoja alishika simu yake mwenyewe, kwa vocha yake mwenyewe, akawapigia wenzake wa upande wa pili hadi wakakubaliana nani aanze na nani apokee. Kazi ile ya muuguzi ndiyo tunayoiombea fedha.

Kwa miaka mingi kazi ya kuwafuata waraibu maskani na kuwafikisha kwenye huduma imebebwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waelimishaji rika tuliowazoea tuliacha kuwaona. Dozi ziliendelea kutolewa, ila wa kumfuata aliyekosa dozi siku tatu hakuwepo.

Kwa hiyo tunaomba kasma ya kudumu, yaani fungu lake la fedha, katika bajeti ya halmashauri, kuanzia mwaka wa fedha unaoanza Julai. Imlipe mratibu mmoja ambaye kazi yake ni hii tu, siyo mtu aliyeongezewa jukumu la sita. Iwalipe waelimishaji rika nauli na posho. Imwezeshe daktari wa akili kukaa kliniki ya methadoni angalau siku moja kwa wiki, ili mgonjwa awe na faili moja.

Hatuombi jengo. Tukipewa kuchagua kati ya jengo jipya na mratibu mwenye pikipiki, tutamchukua mratibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha. Nakala ya risala hii utakabidhiwa na mwanangu.