Kabla Hujaomba Protini, Tupime Kwanza Nywele Zako

"Nikiweka protini, nywele zitakua?" Wateja wa saluni yetu hutuuliza hivyo kuhusu protini, ile dawa ya kupaka ya kuimarisha nywele. Hazitakua haraka zaidi. Unywele huota kwenye shina lililo ndani ya ngozi, wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, na kinachopakwa juu hakifiki huko. Sehemu tunayoosha, kuchana na kusuka haina uhai tena. Protini inafanya kazi hapo tu: inaziba palipolika, ili urefu ulioota usiishie kwenye meno ya chanuo. Kama nywele zako zinakatika karibu sawa na zinavyoota, utaona tofauti baada ya miezi kadhaa. Kama ni nzima, utakuwa umelipia kuzikaza.

Wanaofaidika zaidi ni walioweka dawa ya kulainisha, waliopiga blichi na wanaopitisha pasi ya nywele kila wiki. Unywele wenyewe umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Dawa na blichi huvunja vifungo vinavyoishikilia, na kila unapoosha kidogo huchuruzika na maji. Protini ya kwenye chupa hujishika kwenye mapengo hayo kwa muda. Ni kiraka, kwa hiyo kinatoka taratibu kadiri unavyoosha.

Kiraka hicho lazima kiwe kidogo ili kiingie. Ndiyo maana kwenye lebo tunatafuta neno "hydrolyzed" kabla ya keratin, wheat au silk: maana yake protini imekatwakatwa vipande vidogo. Protini ya yai bichi ni kubwa mno, inabaki juu. Ulaini unaousikia baada ya yai au mayonezi unatokana na mafuta yake. Na ukisuuza yai kwa maji ya moto, litaiva humohumo kichwani, kisha utachambua vipande vyake kwa kitana nusu siku. Maji ya mchele nayo yana wanga zaidi ya protini. Yakirudiwa mara kwa mara bila kuoshwa vizuri, nywele hukakamaa.

Kipimo ni rahisi na unaweza kukifanya nyumbani. Osha nywele, usipake chochote. Chukua unywele mmoja wa utosini na mmoja wa kisogoni, vikiwa bado vimelowa, kwa sababu utosi na kisogo havichakai sawa. Shika ncha zote mbili uvute polepole. Ukivutika kama robo ya urefu wake kisha ukarudi, hauhitaji protini. Ukivutika kama bigijii usirudi, au ukiusugua kwa vidole unateleza kama tambi zilizoiva kupita kiasi, hapo protini ina kazi. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, una kiu ya unyevu. Huyu wa mwisho ndiye tunayemkatalia mara nyingi, na ndiye anayeng'ang'ania zaidi, maana anaona nywele zinakatika na amesikia protini inazuia kukatika.

Tukishapima, tunaosha kwa shampuu mara mbili, kwa sababu mafuta na jeli huzuia protini kushika. Tunabana maji kwa taulo mpaka nywele ziache kudondosha. Kwa nywele zinazofika mabegani, mililita 60 hadi 80 zinatosha. Tunagawa sehemu nne na kupaka kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, kwani ncha ndizo kuukuu. Ngozi tunaiacha. Protini nyepesi inakaa dakika 10 hadi 20 ndani ya kofia ya plastiki. Protini nzito, ile inayoganda kama gundi, inakaushwa kwenye draya mpaka iwe ngumu, na wakati huo usiguse nywele: ukizichana au kuzikunja zikiwa zimeganda, zitavunjika. Tunasuuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka ugumu uishe wote, halafu tunaweka kondishna ya unyevu na kupiga stimu dakika 15 hadi 20. Wengi wanaojifanyia nyumbani huruka hatua hii ya mwisho, kisha wanalaumu protini.

Protini nzito isirudiwe kabla ya wiki 6. Nyepesi, mara moja kwa mwezi kwa nywele zenye dawa. Nywele za asili zisizopitia moto wala rangi zinaweza kukaa miezi bila kuihitaji. Angalia pia kondishna yako ya kila wiki: kama nayo ina keratini, na mafuta ya kupaka nayo yana protini ya ngano, unaweka protini kila siku bila kujua. Dalili ni nywele kukakamaa kama ufagio, kupauka na kukatika vipande vifupi hata ukizishika kwa upole. Acha protini zote, osha vizuri, stimu ya unyevu kila wiki kwa wiki 4 hadi 6.

Usichanganye huduma hii na keratini ya kunyoosha, ile inayopigwa pasi ya moto mkali. Hiyo inabadilisha umbo la nywele, na nyingi hutoa formaldihaidi zikipata joto: moshi unaochoma macho na koo. Jina linafanana, kazi ni nyingine kabisa.

Halafu kuna nywele zisizokatika bali zinazong'oka. Okota ulizodondosha uangalie: zenye kijipira cheupe upande mmoja zimetoka shinani. Miezi michache baada ya kujifungua hilo ni kawaida na hupungua lenyewe. Likiendelea bila sababu, kapime damu, hasa wekundu wa damu (kama damu imepungua) na homoni za tezi ya shingo. Kingo za mbele zikirudi nyuma, mwambie msusi alegeze rasta.

Nyumbani, mafuta ya nazi yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Paka kijiko kimoja cha mezani usiku kabla ya siku ya kuosha.

Siku ya kuja kupimwa, fumua kabla, njoo na chupa unazotumia, na usipake mafuta asubuhi hiyo.