Tundu la kitako cha mtungi

Athens, Ugiriki

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wazee nyumbani. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa miguu inayolalamika kwa kutembea juu ya mawe tangu alfajiri.

Katika barua yako uliniuliza, kwa adabu ambayo haikuficha mshangao wako, kulikuwa na haja gani ya kutoa nauli hadi huku kutazama mitungi na sanamu tulizozisoma pamoja vitabuni, tena kwa picha zilizo safi kuliko jicho linavyoweza kuona nyuma ya kioo cha makumbusho. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifike Kerameikos, yaani makaburi ya kale ya hapa Athens, na sasa nimekwenda mara tatu.

Bila shaka unaikumbuka insha yangu ya mwaka wa pili, ile niliyoandika kwa kujiamini kwamba mitungi mikubwa ya karne ya 8 kabla ya Kristo iliyotoboka kitako iliharibikia tanurini, kwa kuwa mafundi wa wakati ule walikuwa hawajajua kuchoma chombo kikubwa kisipasuke. Nilipata alama nzuri kwa kosa hilo. Mtungi ulio maarufu kuliko yote, wenye kimo cha zaidi ya mita 1.5, umo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia hapa Athens. Ukiusogelea unaona mistari iliyokunjwakunjwa kuuzunguka toka shingoni hadi chini, na kati ya vishikio vyake maiti amelazwa kitandani, huku waombolezaji wamesimama pande zote mbili, mikono kichwani, vilevile wafanyavyo mama zetu msibani. Vitabuni picha ile ilikuwa mfano wa mtindo wa jiometri, yaani mapambo ya mistari na maumbo, basi. Lakini ukitoka makumbusho ukaenda hadi makaburini, karibu na lango la mji wa kale liitwalo Dipylon ambako mtungi huo ulipatikana, ndipo unapotambua kwamba ulisimamishwa wazi juu ya kaburi la mwanamke, kama sisi tunavyosimamisha jiwe, na kwamba mingine ya jamii yake ilitobolewa makusudi ili kinywaji kilichomiminwa na wafiwa kiteremke ardhini kimfikie marehemu wao. Kumbe nilichokiita ubovu kilikuwa njia ya tambiko!

Jina la Kerameikos lenyewe linatokana na udongo wa mfinyanzi, kwa maana mtaa huu ulikuwa wa wafinyanzi na wa wafu kwa pamoja. Kijito cha Eridanos kingali kinapita hapo, na kobe hujikokota kati ya makaburi kama wenyeji. Wafinyanzi wa karne ya 5 kabla ya Kristo waliwatengenezea wafiwa vichupa vya mafuta vilivyopakwa udongo mweupe usiostahimili matumizi ya kila siku, kwani rangi zake zilibanduka upesi; navyo vimechorwa picha za vichupa vingine kama hivyo vikiwa vimepangwa kwenye ngazi za kaburi. Baadhi yake vina kikopo kidogo kilichofichwa ndani, chini ya shingo, hivi kwamba mafuta machache tu yalitosha kukifanya chombo kizima kionekane kimejaa. Nilicheka peke yangu mbele ya kabati la kioo hadi mlinzi akanitazama. Hata msibani watu walibana matumizi.

Kuhusu sanamu, nitakueleza moja tu, ya binti aitwaye Phrasikleia, aliyechongwa na Aristion wa Paros katikati ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Jiwe la msingi wake lilikuwa limejengewa ndani ya kanisa huko Merenda, nje ya Athens, na kwa miaka mingi wasomi walisoma maneno yake bila kumjua mwenyewe: kwamba hili ni kaburi la Phrasikleia, naye ataitwa mwanamwali daima, kwa kuwa miungu ilimpa jina hilo badala ya ndoa. Mwaka 1972 sanamu yenyewe ilichimbuliwa karibu na hapo, ikiwa imelazwa shimoni pamoja na sanamu ya kijana wa kiume, na pete ya madini ya risasi iliyokuwa chini ya miguu yake ikalingana na jiwe lile la kanisani. Amevaa gauni lenye mabaki ya rangi nyekundu, na mkono wake wa kushoto umeshika kifuani tumba la yungiyungi ambalo halijachanua. Bila maandishi yale, tungesema ameshika ua.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kimebaki mahali pake. Nguzo ya kaburi la mwanamke aitwaye Hegeso inayosimama Kerameikos leo ni nakala, na ile halisi imo makumbusho, kwa hiyo mwanafunzi hana budi kwenda huku na huku akiunganisha kichwani vitu vilivyotenganishwa. Ni kazi ya kuchosha, na nadhani ndiyo jibu la swali lako la nauli.

Sasa nina ombi. Ukipata Jumamosi huru, panda daladala uende Kunduchi kwenye yale makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli na sahani za kigeni, ambazo nyingi zimekwisha kung'olewa. Usipige picha za zilizobaki tu. Nipigie picha za matundu yaliyoachwa, unipimie upana wake na kimo chake toka ardhini, kisha usimame pale anaposimama mtu aliyekuja kuzuru kaburi, uniandikie ni yapi yaliyo usawa wa macho yake.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.