KDS (kigawe kidogo cha shirika) tuliyokaririshwa shule imetuokoa kwenye kikoba

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo haliniishi kichwani tangu Jumapili.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Chang'ombe, Dodoma. Jumapili tulikuwa tunavunja kikoba, tumekaa chini ya mwarobaini, mweka hazina akatoa makato ya simu akasema zimebaki 720,720. Tuko 16. Nikagawa kwenye simu ikaja 45,045 kamili, hamna pointi. Mama mmoja akasema kuna mwenzetu kahama hajamaliza michango, gawa kwa 15, nikagawa ikaja 48,048 kamili. Mwingine akataka wenye madeni nao watolewe, kwa 14 ikaja 51,480, kwa 13 ikaja 55,440, zote hazibakizi hata shilingi. Watu wakaanza kuniangalia vibaya, hela za watu hizi bwana, mmoja akasema wazi kwamba katibu hiyo namba kaipanga nyumbani. Iliniuma sana.

Aliyenitetea ni binti wa mweka hazina, yuko darasa la saba. Alichukua kaunta buku akaandika 7 mara 11 ni 77, alafu 77 mara 13 ni 1,001. Akasema shangazi angalieni, 720,720 ni 720 imeandikwa mara mbili, na namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili hivyo ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, kwa hiyo lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Ile 720 nayo ni 16 mara 9 mara 5. Ukiziweka pamoja unapata namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 16, na idadi ya vigawo vyake ni 240!

Kumbe ndo KDS ile ile. Sisi tulifundishwa kuchora ngazi pembeni mwa daftari, gawa kwa 2, gawa kwa 3, andika jibu, funga daftari, hakuna aliyetuambia kuna siku itasimama kati yako na wenzako kwenye hela.

Akatuonyesha na mwisho wake. Tungekuwa 17 ingekataa, maana 17 ni namba tasa na humo ndani haimo, kila mtu angepata 42,395 zinabaki shilingi 5. Lakini 18 inakubali tena, 40,040, kwa sababu 18 ni 2 mara 9 na zote zimo. Basi tukagawana kwa 16 kama katiba yetu inavyosema.

Mhariri, naomba mtenge hata kona ndogo ya hesabu kila wiki, kwa Kiswahili hiki hiki tunachoongea, watoto na sisi mama zao tusome pamoja. Anzeni kwa kuwauliza namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mpaka 18. Binti keshaipata, ni 12,252,240.

Katibu wa kikoba, Chang'ombe, Dodoma