Barua kwa mwanangu aliye jeshini: lile swali lako kuhusu mchumi

Nkuhungu, Dodoma
Julai

Mwanangu,

Mbukwa. Huku sote wazima. Upepo wa Julai umeshaanza, vumbi linaingia hadi kwenye masufuria yaliyofunikwa, na bibi yako analalamika magoti. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yako umeiacha hapa, imo kabatini, nimeizima.

Usiku wa kuamkia safari yako ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya mtihani wa kidato cha sita, uliniuliza, "Mama, hivi mchumi anafanya nini hasa?" Nikakujibu kwamba anapanga, nikaendelea kukunja nguo. Jibu lile limenikera hadi leo. Miaka ishirini na saba nimeitwa mchumi wa halmashauri, halafu binti yangu mwenye EGM yake, uchumi, jiografia na hisabati, namjibu kama karani anayemwondoa mtu dirishani.

Nianze na banda la soko. Kuna kijiji sitakitaja. Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, wanakijiji wakaibua mradi wa soko, nami nikapewa kuandaa andiko. Andiko linataka namba: wauzaji wangapi, wanunuzi wangapi, ushuru kiasi gani kwa mwezi. Muda ulikuwa umebana, ukomo wa bajeti, kile kiwango tusichoruhusiwa kukivuka, umeshatoka, Mkurugenzi anauliza kila asubuhi. Nikachukua namba kwenye taarifa ya zamani, nikaipandisha kidogo ipendeze. Sikwenda kuhesabu. Soko likajengwa karibu na ofisi ya kata, bati jipya, vizimba ishirini na vinne vilivyoandikwa namba kwa rangi nyekundu.

Miaka minne baadaye nikafika pale na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Kizimba namba saba alikuwa amelala mbuzi na wanawe wawili. Wauzaji wote walikuwa kule kule kwa zamani, chini ya mbuyu, kandokando ya barabara. Mzee mmoja alikuwa anapima karanga kwa kikombe cha bati. Nikamuuliza kwa nini hahamii sokoni. Hakuniangalia hata usoni: "Gari linasimama hapa, mama. Kule nimuuzie nani, mbuzi?"

Hakuna aliyenigombeza. Kwenye taarifa ya utekelezaji tuliandika mradi umekamilika kwa asilimia 100, na ni kweli ulikamilika. Lakini kata ya jirani ilikuwa inaomba fedha za kumalizia zahanati, ikaambiwa isubiri. Nyie darasani mnaita gharama ya fursa, yaani kile unachokikosa ukichagua kingine, mnachora mchoro. Mimi nikisikia neno hilo namwona yule mbuzi.

Usidhani ni ushamba wetu tu. Hapo Kongwa, Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga. Baada ya vita kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu, wakapanga mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, na Kongwa ikawa mwanzo. Hesabu zao zilipangika vizuri kwenye karatasi. Walichokosa ni kuujua udongo, ambao kiangazi unakauka kama saruji na kula majembe ya trekta, na mvua zetu ambazo huwezi kuziamini. Mgogo yeyote aliyesikia habari za Mtunya, ile njaa ya wakati wa vita ya kwanza, angewaambia bure. Mwaka 1951 waliacha, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda.

Basi mchumi serikalini hushika fedha ya watu ambao hatawaona wakila hasara. Ndiyo hatari ya kazi ile, na ndiyo sababu siidharau hata kidogo. Kuanzia mwongozo wa bajeti unapotoka hadi Bunge linapopitisha mwezi Juni, ukweli wa kijiji hupita mikono mingi, na mkono wa kwanza ni wa mchumi wa halmashauri. Akiandika uongo pale, huko juu hakuna wa kuusahihisha. Watajumlisha tu.

Unakumbuka ile miaka miwili niliyochukua likizo bila malipo? Ulikuwa mdogo. Niliajiriwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Mwenye mali aliishia darasa la saba, na kila asubuhi alikuwa na swali moja: "Leo tunanunua au hatununui?" Mimi na michoro yangu. Yeye alikuwa anachota alizeti kiganjani, anapasua moja kwa meno, anatema ganda, anasema, "Hii bado ina maji." Halafu anapiga hesabu ya mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, kabla ya mafuta. Kwake mafuta yalilipa wakulima na umeme, faida ilikuwa kwenye mashudu ya wafugaji. Hilo sikuwahi kulisikia chuoni.

Siku moja nilimshauri asubiri bei ishuke. Ikapanda. Siku ya tisa akaniambia mbele ya wapakiaji, "Dada, kusubiri kwako kumenila." Ilinichoma. Lakini kule halmashauri kosa langu lilikaa miaka minne bila mwenyewe, na pale kiwandani kosa liliniita kwa jina ndani ya siku tisa. Kwa kujifunza, biashara ni mwalimu mkali na hana likizo.

Tena yule mwenye kiwanda hakukosa hotuba ya bajeti redioni. Alikuwa anangoja sentensi moja tu, ya ushuru wa forodha kwenye mafuta ya kula yanayotoka nje. Mawese yakiingia kwa bei rahisi, alizeti ya Singida na Dodoma inakosa mnunuzi. Sentensi ile inasomwa hapa mjini kwetu, na kuna mchumi fulani aliyeiandalia hesabu. Natumaini alishapasua alizeti kwa meno.

Ualimu nimeuonja kidogo, vipindi vya jioni baada ya kustaafu. Vijana wananiletea bei ya gunia, wanagawanya kwa 100, wanapata bei ya kilo. Nawapeleka Soko la Majengo. Naomba wapime wenyewe, waone lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, na kile kilemba chake cha juu, waone sado, kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako. Wanarudi wamenyamaza. Na mama ntilie pale aliwahi kunibana: redio inasema mfumuko wa bei umeshuka, mbona mchele haujashuka? Nikamweleza kwamba bei bado inapanda, ila mwendo wake umepungua. Akasema, "Basi semeni hivyo." Nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika kama alivyotaka yeye. Waliofaulu walikuwa wachache.

Usiogope kwamba ukichagua mlango mmoja umejifungia. Profesa Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki ya Dunia, akawa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Dk. Mpango naye alifundisha hapo hapo, akapita Tume ya Mipango, Mamlaka ya Mapato, Wizara ya Fedha, hadi Makamu wa Rais. Hao ni wachache, najua. Wengi wenu mtakaa kwenye foleni ya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, mamia kwa nafasi chache, na nisikudanganye kwamba cheti kinatosha. Shika hisabati na takwimu. Na usione aibu kuanzia kwa mwenye mashine aliyeishia darasa la saba.

Matokeo yakitoka nitayatazama mimi, usihangaike. Vyeti vyako nimeshavitoa nakala. UDOM au Chuo cha Mipango, au mbali zaidi, tutakaa tuongee ukirudi, baba yako naye ana maoni yake na utayasikia tu.

Ila kabla hujajaza fomu yoyote, kuna safari nataka twende, mimi na wewe. Tutashuka pale kwenye mbuyu. Banda bado lipo, bati limeanza kutu. Kama yule mzee yupo, tutanunua karanga, na utahesabu wewe magari yanayosimama.

Mama yako